Mtamba wa Brown

Kiingereza changu sikionei haya. Diploma ya mifugo niliisomea kwa Kiingereza hichohicho, na fomu ya kibali cha umiliki ilipouliza rangi ya ng'ombe, niliandika "brown" nikagonga muhuri. Neno zuri lile: linabeba viatu, mkate, udongo, hata macho ya watu. Ng'ombe atalishinda vipi? Wafugaji walikuwa wakianza kunieleza, huyu mwekundu wa hivi, yule ana wingu shingoni, nami nawakatisha. Brown. Anayefuata.

Jumatano moja mnadani akanijia Mama Elina wa Issuna, anahema. Mtamba wake mwenye mimba alipotea siku tisa zilizopita, na sasa amemwona hapohapo mnadani, kwenye zizi la Festo, mchuuzi wa ng'ombe.

"Shikamoo mama."

"Marahaba, daktari. Yule ndiye maziwa ya wajukuu zangu. Sina mwingine."

Mtamba hakuwa na chapa. Festo akatoa kibali, Mama Elina naye akatoa chake. Vyote viwili niliviandika mimi, na vyote vilisema: jike, miaka miwili, brown.

Sikubabaika. Niliwaambia wageuke wasimtazame, kila mmoja anieleze mnyama wake.

"Brown," Festo alisema, macho kwenye karatasi. "Kama ulivyoandika, daktari."

Mama Elina alifumba macho. "Mgongoni ni mwekundu wa udongo ulionyeshewa. Mbavuni anafifia, mpaka tumboni anakuwa rangi ya uji wa ulezi. Ndani ya paja la kushoto ana doa jeusi, dogo kama ukucha. Hulioni mpaka uchuchumae."

Nikachuchumaa. Lilikuwepo.

Festo hakutetereka. "Doa halimo kwenye karatasi. Karatasi ya serikali inasema brown, na huyu ni brown. Au karatasi yako inadanganya?"

Watu walishatuzunguka. Maneno sijawahi kupungukiwa, lakini pale niliona aibu, aibu ya kweli, mpaka masikio yakawaka.

"Haidanganyi," nikasema kwa sauti ya kusikika. "Haisemi kitu. Nilikuwa mvivu, nikauita uvivu wangu Kiingereza. Kibali hiki kinamfaa kila ng'ombe aliyeko hapa, kwa hiyo hakimfai hata mmoja. Mtamba ni wa mama. Wewe Festo usiondoke, utawaeleza polisi ulimtoa wapi."

Nikachukua fomu mpya, nikaanza kuandika kwa Kiswahili. Mama Elina alisimama nyuma ya bega langu, kamba ya mtamba mkononi.

"Kifuani bado hujaandika, daktari."

Nikaandika kifua. Nafasi ikaisha, nikageuza karatasi. Nilipoinua kichwa, nyuma yake alikuwa amesimama mfugaji mwingine, mzee Sostenes, na nyuma ya Sostenes watu kumi na wawili, kila mmoja na brown yake mkononi.

Nikavuta kiti, nikamwambia mzee aanze na mgongo.