Keki ya Kuhnert

Kuhnert alipoingia na keki ya plamu, Jutta alihisi damu ikimchemka. Pale Darmstadt, Ujerumani, kwenye chumba cha kuongozea vyombo vya angani, mwenye sherehe ndiye anayeleta keki. Kwa hiyo Kuhnert alikuwa anawaambia watu wote, bila kufungua mdomo, kwamba nanga za roboti waliyoituma angani ni zake. Aliyezibuni ni Jutta. Kuhnert, mkuu wa idara, alifuta jina la Jutta akaweka lake, akapewa nishani, akaipokea huku anacheka.

Sasa roboti ilikuwa inangoja kuachiwa itue juu ya nyotamkia, na asubuhi hiyo kijeti cha kuikandamiza chini kilikuwa kimegoma kuwaka. Je, nanga peke yake zingeishika? Jutta alikuwa ameshapiga hesabu, akaona zitaishika. Hakumwambia mtu. Nafasi ya kutua ilikuwa hiyo moja tu.

Bibi Wiebke, kiongozi wa chumba, akaanza kuita meza moja baada ya nyingine, dunia nzima inasikiliza. Kila meza ilijibu tayari au simama, na simama moja ilitosha kuvunja shughuli yote.

"Nanga?"

Jutta akabonyeza kitufe. "Mwenye nanga yupo, na nishani yake kifuani. Aulizwe yeye."

Kamera zikamgeukia Kuhnert. Akamwinamia Jutta, akamnong'oneza aache utoto. Jutta akakunja mikono. Huyu akisema simama, kazi ya ujana wote wa Jutta imekwenda na maji. Alikuwa radhi iende.

"Profesa, tayari au simama?" Wiebke akauliza.

Kuhnert akaanza habari za ushirikiano. Wiebke akamkata, akamwambia muda unakwisha. Jasho likamshuka Kuhnert hadi kwenye kola, na Jutta akalitazama bila kupepesa macho.

"Sijui," Kuhnert akasema mwishowe. "Muulizeni Jutta. Nanga ni zake. Mimi niliweka jina tu."

"Rudia, bosi," Jutta akamwambia. "Sauti haikufika."

Akarudia.

"Nanga tayari," Jutta akasema.

Jioni roboti ikatua, ikadunda mara moja, nanga zikauma barafu, ikatulia. Watu wakakumbatiana, wengine wanalia. Kuhnert akashika kisu cha keki. Jutta akakitoa mkononi mwake.

"Keki hii ni yangu. Wewe panga foleni."

Akamkatia wa mwisho kabisa, pembe iliyoungua. Uma hakumpa.