Kisima cha Bi Asmaa

Zilikuwa zimebaki saa tatu Salha, mhadhiri wa chuo kikuu, apande ndege kwenda kwenye kongamano, na moyo wake ulikataa kutulia. Kati ya picha za utafiti wake wa visima vya mtaa wao wa Junda, moja ilimwonyesha jirani yake Bi Asmaa akiteka maji kichwa wazi. Hakuwa amemwomba ruhusa. Akatoka mbio hadi kwake.

"Shikamoo, Bi Asmaa. Nataka kuwaonyesha maprofesa picha hii."

"Marahaba. Na mvi zangu zote nje? Kata kichwa, ubakishe kisima!" Bi Asmaa akacheka. "Kwani kisima changu kina nini hata kisafirishwe?"

Salha akaishusha picha. "Maji yake yana uchafu wa choo."

"Wajua tangu lini?"

"Tangu Machi. Nilingoja makala yachapishwe kwanza."

"Wallahi, Salha! Wajukuu wangu waharisha hapa, nawe wangoja maprofesa?"

Salha aliweka begi lake la safari chini. Akafungua kamba ya ndoo kisimani, mtu asiteke tena.

"Niitie kina mama wote, niwaambie sasa hivi," akasema. "Ndege ikinipita, na inipite."

Bi Asmaa alikuwa keshafika uani kwa jirani, akibisha kwa nguvu.