Pikipiki Nyekundu Daraja la Wami

Uvumi uliingia Tandale na basi la Tanga, Jumapili mchana: pikipiki nyekundu imegongana na lori kwenye daraja la Wami, na kijana aliyekuwa akiiendesha amekufa papo hapo. Ulipita sokoni kwenye mafungu ya nyanya, ukavuka mtaro, ukamkuta Rosalia uani kwake akipeta mchele. Aliyeuleta ni Mwinshehe, mchukuzi wa mizigo pale sokoni, wala hakuuleta kwa ubaya.

"Shikamoo, Mama Fransis. Eti, Fransis karudi?"

"Marahaba. Bado. Kwani vipi?"

"Aa, nauliza tu."

Mtu haulizi tu huku anatazama chini. Rosalia alimbana mpaka akayatapika yote.

"Lakini mie sikuona, mama. Nimesikia kwa abiria."

Mtaani kwao pikipiki nyekundu ilikuwa moja tu, ya Fransis, mwanawe wa pekee. Aliinunua kwa kuchonga vinyago, kazi aliyoachiwa na marehemu baba yake. Jumamosi alfajiri aliondoka nayo kwenda Mombasa na rafiki zake wawili, Matar na Gregori. Hawakuwa na shughuli huko. Walitaka kuvuka mpaka pale Horohoro, walale Mombasa, warudi waseme wamelala Mombasa. Rosalia alimkataza.

"Mama nawe," Fransis alicheka. "Si nyie wazee mlitoka Newala kwa miguu mpaka Lindi? Mie nina magurudumu, unaogopa?"

"Miguu haina petroli," alimjibu. Naye akaipiga pikipiki teke ikawaka, akaondoka.

Kilichomkosesha raha zaidi ni kurudi. Miaka ile ya uhaba wa mafuta, Jumapili ikishagonga saa nane mchana, vyombo vya watu binafsi vilikuwa marufuku barabarani. Vijana watakimbizana na saa. Hilo alilijua tangu walipoaga.

Bi Bahiya, mama yake Matar, alisikia kilio akaja mbio kupitia uchochoroni. Nyumba zao zilipeana migongo. Tangu duka lao lifungwe, yakaja maduka ya ushirika, alikuwa akikaanga bagia mlangoni.

"Nyamaza, Mama Fransis. Kiwanda kilitengeneza pikipiki nyekundu moja tu, ya mwanao?"

"Daraja la Wami ndiyo njia yao, Bi Bahiya."

"Na ya watu wote wa Tanga. Tena yuko na Matar. Matar wangu mwoga yule, akiona mbuzi barabarani anashuka kumwamkia."

Wanawake waliokwisha kujaa uani wakacheka kidogo. Bi Bahiya akamketisha mwenzake mkekani, akamshika mkono, hakuuachia. Pikipiki ya Matar ilikuwa nyeusi, kuukuu, ya Kiingereza. Hakuna aliyesema habari ya nyeusi. Rosalia aliuona utulivu usoni mwa mwenzake, akauonea wivu, akaona haya kwa wivu huo, na bado akauona.

Saa nane ikapita. Barabara ikanyamaza. Rosalia akashika rozari, lakini kila akianza Salamu Maria anaona lori.

Alasiri wakasikia mlio. Ulikohoa mara mbili, kisha ukanguruma. Hakuna mtoto Tandale asiyeujua: pikipiki ya Matar.

"Wangu huyo," Bi Bahiya alisema, akainuka. Furaha aliificha kwa adabu ya msiba wa mwenzake, lakini miguu ilimtangulia. "Sasa tutapata habari ya kweli."

Pikipiki nyeusi ikaingia polepole. Mwendeshaji alikuwa mwekundu kwa vumbi, kitambaa usoni. Alipokifungua, alikuwa Fransis.

"Asante Mungu. Asante Mungu wangu." Rosalia alisema kwa sauti ambayo hata wa nyumba ya tatu waliisikia, akamwangukia shingoni. Kisha akahisi kwamba mtoto hamkumbatii. Anatazama nyuma yake.

"Shikamoo, mama," Fransis alimwambia Bi Bahiya.

"Marahaba. Mwenzio yuko wapi?"

Fransis akashusha macho kwenye pikipiki.

"Fransis, mwanangu, chombo hiki si chako. Mwenyewe, kiwiliwili chake kiko wapi?"

Hapo Fransis akakaa chini mavumbini akaeleza. Walikuwa na desturi yao, kuonjeshana pikipiki: wakifika mbali wanabadilishana, kila mmoja aonje ya mwenzake. Segera wakabadilishana. Ile ya Kiingereza breki yake ya mguu iko kushoto. Ile nyekundu, ya Kijapani, breki iko kulia, kushoto ni gia. Walilijua hilo wote.

"Kichwa kilijua, mama. Mguu haukujua. Tulikuwa tunawahi saa nane. Lori likaingia darajani, Matar akakanyaga kushoto."

Gregori alibaki na maiti. Polisi walimpa Fransis ruhusa ya kupita baada ya saa ile, aje aseme.

"Alisema neno?" Bi Bahiya aliuliza.

"Hakusema, mama."

Bi Bahiya hakulia pale. Alimgeukia Rosalia.

"Umeshukuru mbele yangu, Mama Fransis. Hata mie ningeshukuru."

Akaenda zake kutandika majamvi. Wale wanawake waliokuja kumlilia Fransis wakanyanyuka mmoja mmoja wakamfuata. Rosalia alikwenda nao mpaka kizingitini. Walisogea wampe nafasi, naye akasimama tu, hajui pa kukaa.

Basi vijana, nasi wazazi, tujiepushe na haya:

Kubadilishana pikipiki safarini. Mguu una mazoea yake.

Safari ndefu isiyo na shughuli.

Kukimbizana na saa ya marufuku. Lala ulipofikia, urudi kesho.

Kupeleka habari ya kifo kwa rangi ya chombo, hujaona uso.

Kumwambia mwenye hofu kwamba mwanawe yu salama, hali watoto wenu wote wako njia moja.

Kumshukuru Mungu kwa sauti kabla hujageuka kuona nani amesimama nyuma yako.