Ramani Iliyotoa Maji

Jambo la kwanza aliloliona msichana wa usafi lilikuwa dogo: ramani iliyotandazwa mezani kwa mkadiriaji ilikuwa na unyevu mahali palipochorwa kiwanda cha betri. Alidhani ni kikombe cha chai. Akakisogeza, akapangusa. Asubuhi iliyofuata unyevu ulikuwa umerudi, umesogea kidole kimoja upande wa makazi, na ulinuka kutu.

"Ramani za kazi hii hutoa maji," mkadiriaji alimwambia. "Yanafuata yale ya chini ya ardhi. Wewe pangusa tu, binti, karatasi isioze."

Mkadiriaji alikuwa akipiga hesabu ya gharama za kusafisha maji yaliyoharibiwa na kiwanda. Alikuwa amezungushia sumu mstari mwekundu. Visima vya ndani ya mstari vingesafishwa, vya nje vingeachwa. Kila kisima kilichotoka nje, makadirio yalishuka.

Alhamisi akaja meneja wa kiwanda.

"Bwana, mstari wako una kitambi. Upunguze."

"Maji yenyewe yameshaufikia."

"Yameufikia kwenye karatasi. Nani anakunywa karatasi?"

Wakacheka. Mkadiriaji akachukua kifutio.

Msichana alisimama na tambara lake. Shule aliiachia darasa la tano, lakini mtaa wao aliutambua: daraja hili hapa, kinu cha kusaga kile pale, na kisima cha nyuma ya nyumba yao, anakochota maji mama yake kila siku. Kilikuwa kimelowa chote. Mstari mpya ulikiacha nje, kwa upana wa ukucha.

"Binti, hapo pameloa," meneja alisema. "Pakaushe, tupige mhuri."

Akapangusa. Mhuri ukapigwa, na meneja akamshukuru kwa adabu. Alipolikamua tambara uani lilitoa ndoo mbili, akazimwaga, akarudi kuosha vikombe.

Nyumbani alimkuta mama yake akimnywesha mdogo wake wa miaka mitatu.

"Mbona umesimama mlangoni kama mgeni? Njoo unywe maji, jua lilikuwa kali leo."

Msichana alikichukua kikombe mdomoni mwa mtoto. Akayamwaga maji mlangoni.

"Mama, tusiyanywe haya. Kisima chetu kilikuwa kimelowa kwenye ramani. Niliona. Nikapangusa."