Mguu Mweupe wa Cinder

Visanduku sita vya hadithi ya picha vilikuwa vimekamilika na wino umekauka. Cha saba kilikuwa cheupe pe. Effie Kinmond alichovya brashi, akaifuta kwenye kitambaa, akaichovya tena, na hivyo ndivyo alivyokuwa akifanya tangu juzi. Kwenye kisanduku cha sita, farasi mdogo aitwaye Cinder alikuwa amelala kwenye theluji, hoi, baada ya kumvuta msichana Nan kutoka kwenye shimo la machimbo ya mawe. Cha saba, kwa mujibu wa maelekezo yaliyopigwa taipu, kilitakiwa kuonyesha kaburi, msalaba wa vijiti, na Nan akilia.

Cinder alikuwa farasi wa mgodini, nusu kipofu kwa kuvuta makaa gizani miaka mingi, na Nan alikuwa amemficha asiuzwe na mjomba wake kwa mchinjaji. Ilikuwa wiki ya kumi na mbili sasa wasichana wa Uingereza nzima wakifuatilia mkasa huo kila Alhamisi katika gazeti lao liitwalo Rowan. Hawakujua kuwa farasi wao amekwisha hukumiwa, maana Effie alichora Februari yale watakayoyasoma Aprili.

Alikuwa na miaka hamsini na saba, anaishi peke yake katika vyumba viwili huko Lochee, pembeni mwa mji wa Dundee, Scotland, na kwa miaka thelathini na mmoja kazi yake ilikuwa wanyama. Alishachora mbwa waliotembea nchi nzima kurudi nyumbani, sili yatima, na punda wasiohesabika waliostahili mabwana wema zaidi. Jina lake halikuwahi kuchapwa hata mara moja, kwa sababu ofisi ile haikuruhusu mchoraji kutia sahihi. Jirani yake wa ghorofa ya chini aliamini kwamba anachora kadi za Krismasi, na Effie hakuona haja ya kumsahihisha.

Lakini Effie alimpenda Cinder. Hakuna namna nyingine ya kulisema. Baba yake Effie alichimba makaa kule Fife, na kila jioni alirudi na kisa kipya cha farasi mmoja wa mgodini aliyekuwa akimwibia mkate mfukoni. Effie alikuwa amempa Cinder tabia hiyohiyo ya wizi, pamoja na mguu mmoja mweupe, wa mbele, wa kushoto. Na sasa alitakiwa amzike.

Sababu ya kumzika ilikuwa kura. Kila toleo lilikuwa na kuponi ndogo ambayo msomaji aliikata, akaandika hadithi tatu anazozipenda, akaituma ofisini Dundee. Kura bila kuponi haikuhesabiwa. Hadithi iliyovuta mkia ilimalizwa upesi, hata kama mtu ameachwa ananing'inia kwenye mwamba. Cinder alikuwa wa tisa kati ya kumi, nyuma hata ya mcheza baleti mwenye kifundo kibovu, msichana ambaye Effie alikuwa hawezi kumvumilia kabisa.

Saa nne asubuhi alikata tamaa, akafunga kurasa zake kwenye kadibodi na kisanduku kikiwa kitupu vilevile, akapanda basi kwenda mjini. Alikuwa hajawahi kupeleka kazi isiyokamilika. Njia nzima alitunga la kusema, na kila alilolitunga lilikuwa la kijinga.

Hakupata nafasi ya kulisema. Ina Pattullo, mhariri msaidizi na rafiki yake wa siku nyingi, alimdaka kwenye ngazi.

"Effie, mwenzangu, ulikunywa nini Desemba?"

"Dawa ya mafua. Kwani kuna nini?"

"Njoo ujionee. Mzee amefura."

Juu ya meza ya Ina palikuwa na mlima wa barua, mia mbili na kumi na moja, na zote zilisema jambo moja. Katika toleo la wiki iliyopita, pale Cinder alipokuwa amesimama ndani ya banda, mguu mweupe ulikuwa wa kulia.

Effie aliutazama ukurasa, akahisi masikio yakipata moto. Kila mara alichora kwanza kwenye karatasi nyembamba inayoonyesha upande wa pili, kisha akakandamiza mchoro ule kwenye karatasi nzito. Siku ile alikuwa na homa ya kumfanya aone brashi mbili. Aliilaza karatasi kinyume, basi, kushoto kukawa kulia. Ofisi nzima haikuona. Watoto wa miaka tisa waliona.

Bwana Fairweather, mhariri, alitoka chumbani kwake. Alikuwa mtu mrefu aliyezungumza polepole hasa anapokasirika. Alisema kwamba miaka yote hiyo alimtegemea Bi Kinmond kama saa ya ukutani, na kwamba wazazi wameanza kupiga simu. Adhabu ilikuwa moja tu: kabla ya kuondoka angekaa pale ajibu barua zote, aeleze kwamba Cinder alikanyaga chokaa. Na mguu wa kushoto je, Ina akauliza. Tope, alisema Bwana Fairweather, akafunga mlango.

Kwa hiyo Effie alikaa dirishani na kalamu ya kuazima na pai ya nyama aliyoletewa na Ina, akaanza. Barua ya kwanza ilitoka Hull, ya pili Swansea. Wasichana wengi walikuwa na hakika kwamba mjomba amembadilisha farasi. Mmoja alikuwa amechora ramani ya mahali Cinder wa kweli anapoweza kuwa amefichwa. Effie alicheka, kisha akakumbuka theluji na kisanduku cheupe, na pai ikamshinda.

Ya ishirini na kitu ilitoka Grimsby, kwa penseli.

"Mhariri mpendwa," iliandikwa, "huyo si Cinder. Mwambie Nan haraka kabla hajampa tufaha. Samahani situmi kuponi. Kuponi iko nyuma ya Cinder na ukiikata unamkata tumbo. Dada yangu aliikata wiki moja na hatusemezani tangu Krismasi. Kura yangu ya kwanza ni Cinder, ya pili Cinder, ya tatu Cinder, lakini najua haihesabiki. Wako mtiifu, Hilary Tugwell, miaka kumi."

Effie aliisoma mara mbili. Kisha alichukua toleo la wiki iliyopita, akaufungua ukurasa wa banda, akaubandika kwenye kioo cha dirisha. Mwanga mdogo wa Februari ulipita. Kuponi ilijitokeza kwa nyuma, mstari wa nukta na picha ya mkasi, na mstari ule ulipita katikati ya mbavu za Cinder. Akafungua toleo la kabla ya hapo. Kuponi ilikuwa pale pale, na safari hii ilimkata shingo.

"Ina," alisema. "Hebu zitazame hizi barua. Ngapi zina kuponi?"

Walizipekua pamoja. Zilikuwa sita.

Effie hakuwa mtu wa kugonga mlango wa Bwana Fairweather. Katika miaka thelathini na mmoja aliugonga mara mbili, na zote zilikuwa za kuomba ruhusa ya msiba. Safari hii aligonga akaingia bila kusubiri jibu, akaenda moja kwa moja dirishani kwake, akaubandika ukurasa kwenye kioo. Ina alimfuata na barua ya Grimsby.

Mhariri alitazama kioo, akasoma barua, akarudi kwenye kioo. Akavua miwani.

"Kwa hiyo wiki kumi na mbili tumewaomba watoto wamkate tumbo farasi wao."

"Na shingo," Ina alisema.

Mhariri hakucheka. Alieleza, polepole sana, kwamba matoleo sita yanayofuata yalikuwa tayari kwa mchapaji na kuponi isingeweza kuhamishwa hadi Aprili, na wiki ya kaburi ilikuwa Aprili hiyohiyo. Asingeweza kuendesha gazeti kwa barua ya mtoto mmoja wa Grimsby. Ina akamkumbusha kuwa ni mia mbili na kumi na moja. Bwana Fairweather alinyoosha mkono kutaka kurasa za mwisho, na Effie hakuwa na pa kuzificha.

Mhariri alivitazama visanduku kimoja kimoja, hadi cha saba.

"Hiki mbona kitupu, Bi Kinmond?"

Yale yote aliyoyatunga kwenye basi yalimpotea.

"Nilishindwa," alisema. "Nimewaua wengi kwa amri yako, bwana. Mbwa, sungura, yule fisi maji. Huyu nilishindwa."

Machozi yalimtoka, akayaacha. Bwana Fairweather alisogeza kidau chake cha wino huku na huku juu ya meza, mtu asiyejua afanye nini na mwanamke mzima anayelilia farasi wa karatasi. Kisha alisema kuponi itahamia nyuma ya ukurasa wa mapishi, na kwamba Cinder ataishi hadi kura za Mei. Zikiwa chini, atakufa, na Effie mwenyewe ndiye atakayechora kifo hicho, na kisanduku kitupu kisiletwe tena ofisini humo.

"Sawa," alisema Effie.

"Mchapaji anataka ukurasa huu saa nane."

Ina alimpisha kwenye meza yake, akasukuma barua kando, akamtafutia brashi. Saa ya ukutani ilionyesha saa saba na robo. Nan angeweza kungoja, na theluji ilikuwa haina kazi kubwa. Effie aliinama hadi pua ikakaribia karatasi, akaanza na sikio la Cinder. Alilichora limesimama, limegeukia nje ya kisanduku, upande alipo yeyote atakayekuwa anasoma.