Paneli za Zahanati

Fundi Jua alikuwa juu ya bati la zahanati tangu asubuhi, akikaza nati za paneli za sola alizojua fika kuwa ni mbovu. Zilikuwa zimeshushwa kwenye jengo jingine, seli zake zimefanya nyufa na kugeuka kahawia. Msimamizi wake alizibandika vibandiko vipya, basi zikawa mpya.

"Wewe funga tu," alimwambia. "Mgeni rasmi hapandi juu ya bati."

Chini, muuguzi alisafisha friji ya chanjo huku akiimba. Kabla mzigo wa paneli haujafika, Fundi Jua alikuwa amemkalisha akamsimulia: zamani paneli ya ukubwa wa mlango ilihangaika na redio, sasa inaendesha friji, na zinakuja seli nyembamba kama karatasi, za kubandika hata ukutani. "Hutazalisha tena kwa mshumaa, dada," alimwapia. Yote yalikuwa kweli, ila si juu ya bati hili.

Mchana mgeni rasmi akamwaga hotuba ya nishati ya kesho, akabonyeza swichi, taa zikawaka. Muziki ulifunguliwa hadi mwisho, jenereta iliyofichwa nyuma ya choo isisikike.

Muuguzi akaomba kipaza sauti. "Mimi namshukuru fundi wetu. Huyu hakutuficha kitu."

Uso ukamwaka fundi. Akainamia viatu vyake, na watu wakanong'ona: mwoneni, ana adabu huyo.

Wageni walipoondoka, jenereta ikapakiwa garini chapchap. Fundi Jua akaingia ndani. Muuguzi alikuwa akipanga chanjo.

"Dada, usiziweke humo. Betri imejazwa na jenereta. Usiku friji itazima."

"Unasemaje?"

"Paneli ni mbovu. Nilijua wakati nazifunga."

 Muuguzi alianza kuzirudisha chupa kwenye boksi la barafu.

"Na pale niliposimama kukushukuru?"

"Nilijua."

Honi ikalia. "We Fundi, tunakuacha!"

"Nenda," muuguzi akasema bila kumtazama. "Kina mama wakija na watoto, nitawaeleza mwenyewe."

Nje, msimamizi alikuwa amemfungulia mlango wa gari. "Njoo ukae mbele na sisi, bwana. Leo umetutoa kimasomaso."

Fundi Jua akampita, akapanda nyuma, akajikunyata kando ya jenereta. Bado ilikuwa ya moto.