Neno la Kwenda Nalo Dar

Mwangangi alikuwa amepanga kila kitu cha safari yake ya kwanza ya Dar es Salaam, ila jambo moja: mtu aliyekuwa akimwendea hakuwa amemjibu.

Ilikuwa safari ya siku mbili tu. Basi alilijua, nyumba ya wageni aliijua, na kigoda alichokichonga kilikuwa nyuma ya mlango wa nyumba yake ya Makongeni, kimefungwa kwa blanketi kuukuu. Bi Zuhura, mwenye duka la vinyago huko Dar, alikiona kwenye picha akasema angependa kukishika kwa mikono yake. Akikipenda, karakana ya Mwangangi kule Gikomba ingepata kazi ya mwaka mzima. Mwangangi akamwandikia, na tangu hapo kimya.

"Amesoma," alimwambia mkewe Kavutha, akimwonyesha alama mbili za buluu. "Tangu juzi."

"Basi unaenda kumgongea mlango nani?"

Aoko, jirani wa ukuta mmoja, alikuwa amekuja kuazima mwiko. Aliwahi kuuza mitumba Kariakoo ya Dar miaka mingi. Akaichukua simu.

"'Nakuja Jumanne. Nataka unionyeshe duka. Nipe jibu leo,'" alisoma kwa sauti, kisha akacheka mpaka akaketi. "Baba Ndete, hii si meseji. Hii ni samansi."

"Kosa liko wapi? Hicho ni Kiswahili safi."

"Safi cha chifu. Kule mtu haambiwi nipe. Unasema naomba."

"Mimi si ombaomba. Nina kazi yangu."

"Kule hata tajiri akitaka chumvi mezani anaiomba."

"Huyu?" Kavutha akadakia. "Tangu anioe ni 'leta chai' tu. Labda akifika Dar nitamsikia kwa simu akisema lingine."

Mwangangi hakucheka. Alilipima jambo kama anavyopima gogo kabla ya kulitia tezo. Mara ya kwanza alituma picha tupu, bila neno, na Bi Zuhura akajibu siku hiyo hiyo. Mara ya pili alituma maneno matupu, na Bi Zuhura akanyamaza. Kigoda kilikuwa kile kile na mama yule yule. Kilichoongezeka ni maneno. Ushahidi ulikuwa upande wa Aoko.

Akatoka kwenda kulijaribu neno lenyewe kwenye kibanda cha Mama Kweyu, ambako hunywa chai kila siku.

"Naomba chai."

Mama Kweyu akaacha kumimina. Akamtazama toka viatu hadi kofia. "Kuna nini, Baba Ndete? Kazi imeisha?"

"Kazi iko. Nimesema tu naomba."

"Haya." Akamwekea kikombe, na kando yake sahani yenye mandazi mawili ambayo hayakuagizwa. "Kula. Mungu hamtupi mja wake."

Mwangangi alipotoa pesa, Mama Kweyu alizikataa, na ilibidi aziache chini ya sahani. Basi huku neno hili lilimfanya fukara, na kule kutolisema kulimfanya chifu. Hakuona haja ya kubishana na mji wowote. Aliyekuwa akisafiri ni yeye. Akaandika:

"Shikamoo Bi Zuhura. Naomba radhi kwa ujumbe wangu wa juzi. Naomba kuja Jumanne nikuletee kigoda."

Chai haijapoa, jibu likaingia. "Marahaba, baba. Karibu sana. Nilidhani nimekuudhi, nikaogopa kukujibu."

Mwangangi aliusoma ujumbe huo mara ya pili, akala mandazi yote mawili, akarudi nyumbani.

"Mama Ndete," alisema mlangoni, "naomba unipikie chapati za safari."

Kavutha akaweka chini ungo wa mchele. "Sema tena, Aoko asikie."

"Nimesikia," sauti ya Aoko ikaja kutoka ng'ambo ya ukuta.